Usikitegemee Kile Kifuniko

Mwanangu, jana ulinieleza kwa simu kwamba vali ya tangi la choo kwenye gari-nyumba lako inavuja, lakini nisiwe na wasiwasi, maana mwisho wa bomba kuna kifuniko na umekikaza vizuri. Sikukujibu sana. Ulikuwa kazini, nami nilikuwa nimechoka. Leo nimeshaswali alfajiri, chai nimekunywa, nina nafasi ya kukuandikia kwa utulivu. Nisome mpaka mwisho, kisha ufanye.

Kile kifuniko hakikuwekwa pale kuzuia uchafu wa choo. Kazi yake ni kushika matone machache yanayobaki ndani ya bomba baada ya kumwaga, na kuzuia vumbi na wadudu gari likiwa njiani. Mzuiaji ni vali. Vali ikishindwa, kinachopenya hukusanyika ndani ya bomba, kati ya vali na kifuniko, kikakungoja. Bomba lina upana wa inchi 3, na humo ndani panaenea lita moja, mbili au zaidi bila wewe kuona chochote kwa nje. Siku unapofika kituo cha kumwagia maji taka unapiga goti, unazungusha kifuniko, na yote yanakumwagikia mikononi, viatuni, kifuani. Umeniambia mwenyewe kwamba yamekwishakupata, na mkeo akakataa usiingie ndani mpaka uvue nguo. Ulinisimulia huku ukicheka. Mimi sioni cha kuchekea, na nakusihi nawe usione.

Jambo hili nimewaambia vijana wengi. Wananiitikia vizuri, "ndiyo mzee, ndiyo mzee," halafu wanaondoka na kifuniko chao. Ndiyo maana sauti yangu imepungua nguvu. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu. Umenunua gari lililokwishatumika, na unataka kuwavusha wajukuu zangu kutoka Ohio mpaka huku Arizona mwezi wa Desemba. Nikinyamaza hapo, nitakuwa mjomba wa nini? Mficha uchi hazai, na anayeficha uvujaji wa choo nyuma ya kifuniko anajidanganya mwenyewe tu. Harufu inamtangaza kwa jirani kabla hajazima injini.

Huku Quartzsite, kando ya barabara kuu ya I-10, magari-nyumba hufika kwa maelfu wakati wa baridi. Eneo la La Posa, ambalo ni ardhi ya serikali kuu, lina msimu wake rasmi kwa wanaokaa muda mrefu, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Watu hukaa humo miezi, wana maji yao, umeme wao wa jua na choo chao ndani ya gari. Jangwani hakuna mtaro, na mvua ni ya kuhesabu. Kilichodondoka mchangani leo kinakauka palepale, kesho upepo unakipeperusha au mtoto wa jirani anakichezea. Sheria ya ardhi hizo inakataza kumwaga maji ya choo kutoka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Lakini sikutishi kwa sheria. Nimewaona watu wazima, wenye magari ya bei ya nyumba, wakiweka kopo chini ya bomba linalodondoka, na kopo likijaa wanakwenda kulimwaga nyuma ya kichaka usiku. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwake na nia hiyo. Wote walianza na tone moja na kifuniko kilichokazwa vizuri.

Nasi tumefundishwa tangu chuoni, tukiwa watoto, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kujisaidia kwenye njia ya watu na kwenye kivuli wanachopumzikia, kwa kuwa vitendo hivyo vinamletea mtu laana. Tone la choo chako likianguka pale jirani anapoweka kiti chake jioni, niambie lina tofauti gani na hilo. Ongeza na swala yako. Unashika kifuniko, unarukiwa, unapangusa kwa kitambaa, unashika usukani, unashika chupa ya mtoto. Twahara yako umeipoteza tangu kwenye kifuniko, na usukani sasa una najisi ambayo huioni.

Na kuna maradhi. Mama yako atakukumbusha mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti kikasambaa mikoani na kuvuka mpaka Zanzibar. Ugonjwa ule unapita njia fupi sana, kutoka kwenye choo hadi kinywani, kupitia maji, chakula na mikono. Njia hiyo haijali nchi. Huku Marekani wanaoipita zaidi ni virusi vya homa ya ini aina ya A, norovirusi, na bakteria wa kuharisha. Homa ya ini aina ya A ina chanjo. Kama hujachanjwa, kachanjwe wewe na mkeo, maana umechagua maisha ya kushika choo chako kwa mikono yako.

Nalo hilo la kushika kwa mikono nalijua linakukera. Hukulisema, lakini nilikusikia ukiuliza bei ya fundi kabla ya kuuliza vali yenyewe inakaa wapi. Kwetu watapishaji wa vyoo wanatazamwa kwa jicho la chini, na wewe umesoma, una kazi ya ofisini, unaona haya kulala chali chini ya tangi. Mimi nimekula mkate wa kazi ya bomba tangu ujana. Sijawahi kuona mtu aliyepungukiwa heshima kwa kuifanya kazi hiyo vizuri. Ukitaka fundi, mlipe, si haramu. Lakini utakuwa njiani, maili nyingi kutoka mjini, Jumapili, na hapo hakuna fundi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gari-nyumba ulilitaka mwenyewe.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, maana usipokielewa utabadilisha kisichoumwa.

Gari lako lina matangi mawili ya maji machafu. Moja ni la choo, ambalo Wamarekani huliita jeusi. Jingine ni la maji ya bafuni na jikoni, hilo huitwa la kijivu. Kila tangi lina vali yake. Ya choo ni ya inchi 3. Ya kijivu mara nyingi ni inchi 1½, ingawa utazikuta kubwa zaidi. Baada ya vali hizo mabomba mawili hukutana kwenye kiungo cha njia panda na kutoka kwa mdomo mmoja, pale penye kifuniko. Vali ni bamba jembamba linaloteleza kati ya sili mbili za mpira, moja upande wa tangi na nyingine upande wa bomba. Ukivuta mkono, bamba linatoka njiani. Ukisukuma, linarudi kuziba. Vyote hivyo vimebanwa katikati ya flenji mbili za plastiki kwa bolti nne. Basi. Hamna springi, hamna umeme, hamna siri.

Na sababu za kuvuja ni chache pia. Ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni karatasi ya chooni. Kule mwisho bamba linakoingia kuna mfereji mdogo. Kipande cha tishu kikinasa humo, kikakauka, kikajengewa chokaa ya maji na uchafu mwingine, bamba linakwama kabla ya kufika. Linakuwa ni mlango unaofungwa huku pindo la pazia limebanwa kwenye kizingiti: ukiuangalia umefungwa, lakini upepo unapita. Sababu ya pili ni sili kukauka na kuchakaa, hasa gari likikaa miezi bila kutumika, nalo la kununua mkononi mwa mtu huwa limekaa. Ya tatu ni baridi ya huko kwenu. Maji yakibaki kwenye mwili wa vali na usiku ukashuka chini ya sifuri, barafu inatanuka na kupasua plastiki. Na kama gari lako ni la aina inayovuta vali kwa kebo, kebo ikilegea mkono utafika mwisho lakini bamba litabaki nyuma.

Kabla ya kununua chochote, jua ni vali ipi. Uliniambia ni ya choo kwa sababu kilichotoka kilinuka. Maji ya jikoni yaliyokaa wiki moja yananuka kuliko choo, na sitanii. Nenda kituoni, mwaga matangi yote mawili, suuza, funga vali zote mbili. Ondoa kifuniko, weka beseni chini. Jaza maji safi tangi la choo peke yake, kiasi cha ndoo chache, kaa saa nzima ukitazama. Kisha fanya hivyohivyo kwa la kijivu. Itakayotoa maji ndiyo mgonjwa. Pitisha na kidole chenye glavu kwenye shina la mkono wa vali, pale linapoingia ndani. Pakiwa na unyevu, sili ya shina imekwisha, na hapo kusafisha hakutasaidia.

Kama ni ya choo na shina ni kavu, ipe nafasi ya kusafishwa kwanza. Jaza nusu tangi maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, endesha gari ili maji yatikisike, kamwage, na wakati maji ya mwisho yanapita fungua na kufunga vali mara nyingi, kwa nguvu ya kawaida, usiipige. Wakati mwingine ile tishu inang'oka na habari inaisha. Ikivuja tena baada ya hapo, usiirudie rudie. Ibadilishe.

Ulitaja pia kuipaka gundi kwa nje, na rafiki yako alikushauri utepe. Hapana. Uvujaji uko ndani, kati ya bamba na sili. Gundi ya nje haifiki huko, na atakayekwazwa nayo ni wewe mwenyewe siku utakapotaka kufungua flenji. Ipo vali ya ziada inayozungushwa mdomoni mwa bomba, mahali pa kifuniko. Hiyo ni msaada wa haki, inakuwezesha kufungua kidogo kidogo hozi ikiwa imekwishaungwa. Inunue, iweke. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Nyuma yake uchafu bado umekaa kwenye bomba, na humo kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii: kama vali ya choo inavuja na ya kijivu ikaachwa wazi, huku mdomo umefungwa, maji ya choo yatapita kwenye ile njia panda na kuingia tangi la kijivu. Na tangi la kijivu limeunganishwa na tundu la bafuni, pale watoto wanaposimama kuoga.

Nunua vali mpya pamoja na sili zake na bolti zake. Usichukue mwili mpya ukaurudishia sili za zamani. Piga picha ya ile iliyopo, pima, soma jina la mtengenezaji kama limeandikwa kwenye plastiki, maana sili za huyu mara nyingine hazikai kwenye flenji za yule. Bei yake ni ndogo kuliko mlo mmoja wa familia yako mkahawani. Nunua na kopo dogo la grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka yaache bafuni. Yametokana na mafuta ghafi, nayo hulainisha na kuvimbisha aina nyingi za mpira.

Siku ya kazi isiwe siku ya safari. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu kazi hii inaharibika kwa haraka tu. Mwaga matangi, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha suuza tena. Tangi la galoni 40 lina karibu lita 150, maana yake kilo 150 za uchafu juu ya uso wako. Halifunguliwi likiwa na kitu. Ukirudi nyumbani egesha gari upande wa vali ukiwa umeinuka kidogo kuliko upande wa pili, ili maji yaliyobaki yakae mbali na tundu. Acha kifuniko wazi, beseni chini, yaliyomo ndani ya bomba yajichuje usiku.

Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kama ni zile jeki za gari lenyewe za kusawazisha. Zile hazikutengenezwa kubeba uhai wa mtu. Magari yenye springi za hewa nayo hushuka ghafla hewa ikitoka. Weka stendi za chuma chini ya fremu, zuia magurudumu, utikise gari kwa mkono kabla hujaingia. Funga gesi ya kupikia. Usivute sigara karibu, wala usimruhusu mtu. Tangi la choo hutoa gesi inayowaka, na nyingine yenye harufu ya yai bovu ambayo ikizidi pua huacha kuisikia, ukadhani imekwisha. Kama vali iko ndani ya kisanduku cha pembeni mwa gari, acha mlango wake wazi. Na klorini usiimimine kwenye tangi lenye uchafu. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa moshi wa sumu. Klorini iliyochanganywa na maji mengi ni ya kupangusia sakafu na vifaa baadaye, baada ya kuosha kwa sabuni.

Vaa glavu ndefu na miwani. Nguo za kazi ziwe za kufuliwa peke yake.

Anza kwa kutazama. Tazama mkono wa vali umeelekea wapi, sili zimekaaje, nafasi iliyopo kati ya flenji na ukuta wa kisanduku. Piga picha tena. Kama chini kuna plastiki ya kufunika tumbo la gari, fungua skrubu zake kwa mpangilio uzikumbuke. Usiipasue kwa kisu kwa sababu umechoka kutafuta skrubu ya mwisho. Kisha tafuta vishikizo vya bomba vilivyo karibu na uvilegeze. Flenji hazitaachana kama bomba limefungwa pande zote, na huko ndiko watu wanakovunja vitu.

Fungua nati nne. Mara nyingi zinataka spana ya 7/16, moja ya kushikia kichwa cha bolti na nyingine ya kuzungushia nati. Zikiwa zimeshika kutu zikate, si za kulilia, umenunua mpya. Zitoe za juu kwanza. Ukifika za chini, sogeza beseni na usogeze uso wako, kwa sababu hata tangi lililosuuzwa huwa limebakiza kikombe. Achanisha flenji polepole kwa kabari mbili za mti. Bisibisi usiitie hapo. Uso wa flenji ndio unaokalia sili, na mkwaruzo mmoja wa chuma utakupa tena uvujaji uleule katika vali mpya kabisa, halafu utakuja kuniambia kwamba duka limekuuzia kitu kibovu.

Vuta vali ya zamani itoke. Iangalie. Sukuma bamba, chungulia kwenye ule mfereji wa mwisho, utaikuta hiyo karatasi niliyokuambia, ngumu, ya rangi ya udongo. Muite mkeo aione kwa macho, naye anatumia choo hicho. Baadaye ifunge kwenye mifuko miwili uitupe.

Sasa safisha flenji. Hapa tulia. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, halafu kikavu, halafu pitisha ncha ya kidole kuzunguka duara lote, mbele na nyuma. Unatafuta punje ya mchanga, uzi, kipande cha sili ya zamani kilichogandia. Jicho litakudanganya kwenye plastiki nyeusi, kidole hakikudanganyi. Nimewaona mafundi wa miaka wakiruka hatua hii kwa sababu wanaona pameng'aa. Dakika kumi hapa si nyingi.

Paka sili mpya grisi nyembamba, zote mbili, na kidogo kwenye bamba. Zikalishe kwenye mfereji wake kwa upande sahihi, ule ule uliouona kwenye za zamani. Tanguliza bolti mbili za chini zikiwa zimelegea, zikushikie uzito. Kisha ingiza vali kati ya flenji kwa kuiteremsha sawasawa. Ikikataa, usilazimishe, panua kabari kidogo. Kosa kubwa la kazi yote hii hutokea wakati huu: ukingo wa sili unakamatwa na flenji, unakunjika kwa ndani, wewe huoni, unakaza bolti, na vali mpya inavuja kuliko ya zamani. Kwa hiyo ikishaingia, kabla ya kukaza, zungusha kidole kwenye mwanya kila upande. Sili iwe imelala sawa duara zima. Ukihisi kinundu, itoe uanze upya. Usijiambie kwamba itajinyoosha ikibanwa. Haijinyooshi.

Bolti kaza kwa kupishanisha, ya juu kulia na ya chini kushoto, kisha zile nyingine mbili, kidogo kidogo. Kila mzunguko vuta na usukume mkono wa vali. Uteleze. Ukianza kuwa mzito, umekaza kupita kiasi na mwili wa plastiki umejipinda, legeza robo. Flenji zikiwa sambamba na sili zimebanwa sawa, inatosha. Nguvu za ujana wako ziweke kwa kazi nyingine.

Rudisha vishikizo vya bomba, vyote, maana bomba lisiloshikwa litaning'inia kwenye vali yako mpya na kila tuta la barabara litaivuta.

Halafu jaribu kwa maji safi. Funga vali, mimina ndoo mbili chooni, acha kifuniko wazi. Kausha sehemu yote kwa kitambaa, kisha pitisha tishu kavu chini ya flenji na kwenye mdomo wa bomba. Tishu huonyesha unyevu ambao taa haionyeshi. Ikiwa kavu, jaza tangi mpaka robo tatu uliache lilale. Asubuhi pitisha tishu nyingine. Ikitoka kavu, kaoge, funga kifuniko chako, na sasa kitafanya kazi iliyokiweka pale.

Na hiyo mpya uitunze. Ukiwa umeegesha mahali penye muunganisho wa maji taka, usiache vali ya choo wazi ukidhani unajipunguzia kazi. Maji yatakimbia, kinyesi na karatasi vitabaki na kurundikana chini ya tundu, na vikikauka utavivunja kwa fimbo. Ifunge, acha tangi lifike theluthi mbili, kisha ufungue kwa mvuto mmoja ili mkondo uwe na nguvu ya kusafisha ule mfereji. Choo kwanza, kijivu baadaye, maji ya sabuni yasuuze hozi. Tumia maji mengi kila mnapokwenda chooni. Najua unataka kubana maji jangwani, lakini hapa ndipo pa kutobania. Karatasi iwe ile inayoyeyuka: tia kipande kwenye chupa ya maji, tikisa, kama baada ya muda bado ni kipande, hiyo usiinunue tena. Zile tishu zenye unyevu za kumpangusia mtoto zisiingie kabisa, hata kama pakiti imeandikwa kwamba zinaweza. Waeleze watoto, wanaelewa kuliko tunavyodhani. Na gari likirudi huko kwenu Columbus kwa baridi, mwaga yote, mimina ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda, ya propilini glaikoli, kisha fungua na ufunge vali ili ifike mpaka kwenye bamba.

Leo ni Jumatano. Ijumaa baada ya kazi pitia dukani na zile picha. Jumamosi usipokee mwaliko wa harusi wala wa mpira. Jumapili asubuhi, ukishapitisha tishu ya pili, nipigie uniambie imetoka vipi, hata kama imetoka na unyevu. Nitakaa na wewe kwenye simu mpaka tujue ni sili ipi. Ila usiniambie tena kuhusu kifuniko.